Mbio za dragi: Injini ikiongezewa nguvu, ponti ya nyuma ndiyo inalipa

Nchini Marekani, mtu akinunua gari la zamani kwa ajili ya mbio za dragi, pesa ya kwanza huenda kwenye injini. Ya pili huenda kwenye matairi. Ya tatu huenda kwenye ponti ya nyuma, mara nyingi kwa sababu ile iliyokuwepo imekwisha kukatika.

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Taa ya kijani ikiwaka, yote mawili huondoka kwa nguvu zote, na la kwanza kufika ndilo limeshinda. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Gari la kawaida la familia hutumia sekunde 15 au zaidi kumaliza umbali huo. Lililotengenezwa kwa mashindano hushuka chini ya 11. Sehemu kubwa ya ushindi hupatikana katika mita chache za kwanza, na ni hapo hapo ponti inapoteseka.

Fundi wa Goma, Bukavu au Lubumbashi hahitaji kuelezwa ponti ni nini. Ni lile ganda la chuma linalolala kati ya magurudumu mawili ya nyuma, lenye tumbo katikati na bomba moja kila upande. Ndani ya tumbo mna diferensiali, na ndani ya kila bomba mna shafti inayozungusha gurudumu. Wasafiri wengi wamekwisha kuiona imefunguliwa kando ya barabara, lori likiwa limelala na mzigo wake. Lakini lori huvunja ponti kwa uzito na kwa mashimo. Gari la dragi huivunja kwa muda usiozidi sekunde moja, kwenye lami safi, bila hata gunia moja nyuma.

Ndiyo maana wanaofanya mchezo huu hufika siku moja mbele ya swali lile lile: tuimarishe ponti iliyopo, au tuitoe na kuweka nyingine? Watu wengi hulijibu kwa kuhesabu nguvu farasi za injini. Jibu zuri zaidi huanzia kwingine: shafti ikikatika, ni kitu gani kitashika gurudumu lisitoke?

Nguvu inazidishwa njiani

Tuchukue mfano mmoja. Injini ya Kimarekani ya silinda 8 inaweza kutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 500. Nguvu hiyo haifiki nyuma jinsi ilivyotoka. Gia ya kwanza huizidisha, tuseme mara 2.5. Kisha kardani inaipeleka kwenye ponti. Huko, gia ndogo inayoitwa pinioni inazungusha gia kubwa ya duara inayoitwa krauni. Kama pinioni inalazimika kuzunguka mara 4.1 ili krauni izunguke mara moja, nguvu inazidishwa tena mara 4.1.

Ukipiga hesabu ya 500 mara 2.5 mara 4.1, unapata nyutoni-mita 5,125, kabla ya kutoa kile kinachopotea kwa msuguano.

Ili kuelewa ukubwa wake, fikiria mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Huyo anatoa karibu nyutoni-mita 690. Kwa hiyo ponti yetu inabeba watu zaidi ya saba wanaoning'inia kwenye spana moja. Gari likiwa na gia za otomatiki, konveta yake inaweza kukaribia kuzidisha nguvu hiyo mara mbili wakati gari linapoanza kutembea. Watu wanakuwa karibu 15, na wote wanaruka kwenye spana kwa mpigo mmoja.

Tena, ganda lenyewe halibaki limetulia. Magurudumu yanaposukumwa kwenda mbele, ganda linataka kuzunguka kwa upande wa kinyume. Pua ya pinioni inainuka juu. Kama ponti imefungwa kwenye springi za mabamba, springi hizo zinajikunja kama herufi S.

Tairi ndilo linaloamua

Ponti iliyotoka kiwandani haikutengenezwa vibaya. Imepimwa kwa gari la kawaida lenye matairi ya kawaida. Dereva akikanyaga mafuta kwa fujo, tairi la barabarani linateleza na kutoa moshi. Kuteleza huko ndiko kunakookoa ponti, sawa na fyuzi inavyookoa redio.

Kwenye uwanja wa dragi fyuzi hiyo imeondolewa. Matairi ni mapana, laini, na hujazwa upepo kidogo tu. Kabla ya kushindana, dereva huyazungusha papo hapo juu ya maji mpaka yapate moto na kunata. Lami nayo hunyunyiziwa dawa inayonata kama gundi. Tairi likikataa kuteleza, nguvu yote inarudi kutafuta kitu kingine cha kukivunja.

Kwa sababu hiyo, gari lenye nguvu farasi 300 na matairi ya mashindano linaweza kukata shafti mapema kuliko lenye nguvu farasi 500 na matairi ya barabarani. Gari la gia za mkono linaumiza zaidi, maana dereva anaachia klachi ghafla na pigo linafika lote mara moja. Otomatiki, pamoja na kuzidisha nguvu, huipokeza polepole kidogo.

Adui mbaya kuliko wote ni mruko wa tairi. Tairi linashika, linaachia, linashika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila likishika linapiga diferensiali kama nyundo. Gari likianza kurukaruka namna hiyo, dereva mwenye akili anaondoa mguu. Kutia shafti mpya kabla ya kutibu mruko ni kutupa pesa. Dawa yake haiko ndani ya ponti, iko kwenye vyuma vinavyoishika: vyuma virefu vinavyozuia springi kujikunja, vichanja-mshituko vizuri, na pembe sahihi kati ya pinioni na kardani.

Gurudumu linapotoka

Magari mengi ya Marekani yaliyotengenezwa kwa injini mbele na mvuto nyuma yana shafti zinazoshikiliwa kwa njia ya kushangaza. Katika ncha ya ndani ya shafti, ndani kabisa ya diferensiali, kuna kibanio kidogo chenye umbo la herufi C. Hicho ndicho peke yake kinachozuia shafti isichomoke. Gurudumu lenyewe limefungwa kwa bolti kwenye ncha ya nje ya shafti hiyo hiyo.

Kwa matumizi ya kila siku, mpango huo unafanya kazi vizuri kwa miaka mingi na gharama yake ni ndogo. Lakini shafti ikikatika popote kati ya kibanio na gurudumu, kipande cha nje hakina tena kinachokishika. Gurudumu linaweza kutoka likiwa na kipande cha shafti, na gari linaangukia ubavu mmoja likiwa mwendoni. Breki ya upande ule nayo haisaidii kitu tena.

Sheria za NHRA, chama kikubwa cha mbio hizi kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka wa 1951, zinalitazama jambo hilo moja kwa moja. Gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 10.99 au chini ya hapo haliruhusiwi kutumia shafti za kiwandani. Ni lazima liwe na shafti zilizotengenezwa kwa mashindano pamoja na kifaa cha kuzishikilia zisitoke. Kwa muda huo, gari linavuka mstari wa mwisho likiwa karibu na kilomita 200 kwa saa.

Kardani nayo ina sheria yake. Gari lenye matairi ya mashindano linalotumia sekunde 13.99 au chini ya hapo hutakiwa kuwa na pete ya chuma inayozunguka kardani karibu na ncha yake ya mbele. Kiungo cha mbele kikivunjika bila pete hiyo, kardani inaanguka, inachoma lami, na inaweza kulirusha gari juu kama mtu anayeruka kwa mti.

Sheria hizi zina historia ya damu. Katika miaka ya 1950 na 1960, magari yenye kasi kuliko yote yaliwekwa injini mbele na dereva nyuma kabisa, nyuma hata ya ponti. Miguu yake ilipita pande mbili za ponti, na vyuma vyote vinavyozunguka vilikuwa kati ya mapaja yake. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, sanduku la gia la gari la Don Garlits lilipasuka wakati wa kuondoka. Gari lilikatika vipande viwili na Garlits akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mashindano ya Winternationals mjini Pomona. Baada ya muda mfupi, karibu washindani wake wote walimfuata.

Njia ya kwanza: kuimarisha iliyopo

Kuimarisha kunafaa pale ambapo diferensiali yenyewe ni kubwa ya kutosha. Mfano unaojulikana ni Ford Mustang za V8 kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2014. Ponti yake ina krauni ya inchi 8.8, sawa na milimita 223. Krauni na pinioni zake ni imara. Ubaya wake ni shafti nyembamba na kile kibanio cha C.

Kazi huanza na shafti. Watu wengi hawajui unene mdogo unabadilisha nini. Uwezo wa shafti kuvumilia kusokotwa hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Shafti ya milimita 38 ni nene kuliko ya milimita 30 kwa milimita 8 tu, lakini ikiwa chuma ni kile kile, inabeba nguvu mara mbili. Mafundi wa Marekani huzitaja shafti kwa idadi ya meno madogo yaliyochongwa kwenye ncha ya ndani: 28, 31, 35, mpaka 40. Meno yakiongezeka, ndivyo shafti inavyonenepa.

Kisha linakuja suala la kushika gurudumu. Kuna vifaa vinavyoondoa kazi ya kibanio cha C na kuipa beringi iliyogandamizwa kwenye shafti, inayofungwa kwa bamba na bolti kwenye ncha ya nje ya bomba. Shafti ikikatika baada ya hapo, kipande cha nje kinabaki kimeshikwa na bamba. Baadhi ya vifaa hivyo vina sifa mbaya ya kuvujisha mafuta gari likikata kona, na kwa hiyo mafundi wengine hukata ncha za bomba na kuchomelea ncha mpya za mtindo bora zaidi.

Ganda nalo linahitaji kutazamwa. Katika ponti nyingi za aina hii, tumbo ni la chuma cha kumimina na mabomba yamesukumwa ndani yake kwa nguvu, kisha kushikwa kwa nukta chache tu za kuchomelea. Nguvu ikizidi, bomba linazunguka ndani ya tumbo. Kwa hiyo fundi huchomelea kiungo chote. Si kazi ya kila mtu, maana chuma cha kumimina kikichomelewa baridi hupasuka. Hupashwa moto kwanza, hutumiwa vijiti vyenye nikeli, na kuachwa kipoe polepole.

Mwisho ni kifuniko cha nyuma. Kile cha bati hutolewa na kuwekwa kinene chenye bolti mbili za kusukuma vifuniko vya beringi, ili krauni isisogee mbali na pinioni.

Kuna pia uamuzi wa ndani ya diferensiali. Diferensiali ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linaloteleza kirahisi, jambo ambalo dereva yeyote aliyekwama kwenye matope anajua. Kwa mbio, wengi hutoa gia zile ndogo za ndani na kuweka kipande kizima cha chuma kinachoitwa spuli, kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja daima. Ni chepesi, hakina cha kuvunjika, na gari linaondoka likiwa limenyooka. Lakini kinaleta deni jipya: tairi moja likipoteza mshiko, shafti ya upande wa pili inaweza kubeba mzigo wote peke yake. Shafti nyembamba na spuli havikai pamoja.

Njia ya pili: kuweka nyingine

Kuna ponti zisizostahili kuokolewa. Chevrolet Camaro za mwaka wa 1982 hadi 2002 zilitoka na ponti yenye krauni ya karibu inchi 7.5, milimita 190 hivi. Unaweza kununua shafti nene, kifuniko kinene, na kuchomelea mabomba, lakini pinioni na krauni zinabaki ndogo zile zile. Mwenye kuzitumia kwa matairi ya mashindano analipia kazi hiyo mara mbili: mara ya kwanza kuimarisha, mara ya pili kubadilisha.

Ponti inayotafutwa kuliko zote katika kazi hiyo ni ya Ford, ile ya inchi 9. Ilitoka na magari ya mwaka wa 1957, na Ford iliacha kuitumia mwaka wa 1986. Krauni yake ni ya milimita 229, si kubwa sana ukiilinganisha na ya 8.8. Sifa yake inatoka mahali pengine.

Kwanza, pinioni yake imeshikwa na beringi tatu. Mbili ziko mbele kama kawaida, na ya tatu iko nyuma ya meno. Pinioni iliyoshikwa pande zote mbili haisukumwi kando wakati wa pigo. Pili, pinioni imewekwa chini sana kuliko katikati ya krauni, na hivyo meno mengi zaidi yanagusana kwa wakati mmoja. Tatu, shafti zake hazina kibanio cha C; zinashikwa kwenye ncha ya nje tangu kiwandani. Nne, diferensiali nzima hutoka kwa mbele ikiwa kipande kimoja. Timu inaweza kufika uwanjani na mbili zenye hesabu tofauti za gia, na kubadilisha moja kwa nyingine bila kuchezea vipimo vya ndani.

Haina sifa tu. Ule mpangilio wa pinioni kuwa chini unafanya meno yasuguane zaidi, na msuguano unakula sehemu ya nguvu ambayo ingefika barabarani. Wanaotafuta kila sehemu ya sekunde huijua hasara hiyo, lakini wengi huikubali, kwa kuwa gari lililovunjika halimalizi mbio.

Leo, ponti ya inchi 9 inaweza kutengenezwa yote bila kipande kimoja kilichotoka Ford. Kampuni kama Strange Engineering, Moser Engineering, Currie Enterprises na Mark Williams Enterprises hutengeneza ganda, shafti, gia na beringi zake. Hivyo unaikuta chini ya Chevrolet na Dodge bila mtu kushangaa.

Wapinzani wake wapo. Dana 60, yenye krauni ya inchi 9.75, ndiyo iliyowekwa na Chrysler kwenye magari yake yenye injini ya Hemi 426 na gia nne za mkono. Ni imara sana lakini nzito. Mwenye mfuko mdogo naye ana njia: wengi huenda kwenye majalala ya magari kutafuta ponti ya Ford Explorer ya kati ya 1995 na 2001, ambayo ni ile ya inchi 8.8 ikiwa na shafti zenye meno 31 na breki za diski.

Hata viwanda vyenyewe vimekubali hoja ya kubadilisha. Camaro ya barabarani ya miaka ya karibuni ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake, jambo zuri kwa kona. Lakini Chevrolet ilipotengeneza COPO Camaro ya mwaka wa 2012 kwa ajili ya dragi tu, iliondoa mpango huo na kuweka ponti nzima ya zamani. Ponti nzima ina vipande vichache, na magurudumu yake hayabadilishi pembe gari linapokaa chini kwa nyuma.

Kukata na kuchomelea

Kununua ponti ni nusu ya kazi. Matairi mapana hayaenei chini ya bodi, kwa hiyo ganda hukatwa na kufupishwa, na shafti hutengenezwa kwa urefu mpya. Hapo ndipo kazi nyingi za garaji ndogo huharibika.

Kuchomelea kunavuta chuma. Bomba lililonyooka asubuhi linaweza kuwa limepinda jioni, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Beringi zikikosa kuwa kwenye mstari mmoja, shafti inapindwa kidogo kila inapozunguka, na siku moja inakatika hata bila mbio. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi hupitisha fimbo nene iliyonyooka kabisa ndani ya ganda lote, ikishikwa na pete kwenye makao ya beringi, na kuchomelea ncha mpya fimbo ikiwa ndani. Huchomelea kidogo kidogo, upande huu kisha ule. Akimaliza, fimbo inapaswa kutoka bila kugongwa.

Kwa magari yenye nguvu nyingi, mgongo wa ganda huongezewa bamba la chuma kutoka ncha moja hadi nyingine ili lisijikunje. Na kabla ya kufunga, mafundi wengi huchora mstari mmoja wa rangi ulionyooka juu ya shafti. Wakiitoa baada ya miezi kadhaa na kuukuta mstari umejisokota, wanajua chuma kimeanza kuchoka. Hiyo ni taarifa ya bei nafuu kuliko zote.

Chuma kigumu au chuma kinachovumilia

Si kila chuma cha mbio kinafaa barabarani. Gia za kawaida za ponti zina ngozi ngumu sana ili zidumu miaka mingi. Ugumu huo unazifanya zipasuke zikipigwa ghafla. Gia za mashindano makubwa hutengenezwa kwa chuma aina ya 9310, kinachovumilia pigo vizuri zaidi lakini kinachakaa haraka. Ukizitia kwenye gari la kwenda kazini kila siku, zitaisha mapema.

Spuli nayo ni hivyo. Kwenye kona, gurudumu la nje linapaswa kuzunguka zaidi kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja, lazima moja liteleze. Matairi yanaisha, shafti zinasokotwa kila kona, na kwenye mvua gari linaweza kukataa kukata kona.

Juu kabisa ya mchezo, kwenye kundi la Top Fuel, kila kitu kimekubaliwa kuwa cha muda mfupi. Injini zake zinazokunywa nitromethani hutoa nguvu farasi zaidi ya 11,000. Hakuna sanduku la gia wala springi za nyuma. Ponti imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na sheria inaweka hesabu ya gia zake kuwa 3.20. Magari hayo hupita kilomita 530 kwa saa. Tangu mwaka wa 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, yanakimbia futi 1,000 tu, karibu mita 305, badala ya robo maili.

Somo kwa barabara zetu

Msomaji asiye na haja ya dragi anaweza kuchukua jambo moja hapa: si kila ponti inashika gurudumu kwa namna moja.

Tazama katikati ya gurudumu la nyuma la lori, au la Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70. Utaona kofia ya chuma iliyotokeza nje, ikizungukwa na bolti ndogo. Hapo gurudumu linakaa juu ya beringi zilizoshikwa na ganda lenyewe. Shafti haibebi uzito, kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gari linakosa nguvu lakini gurudumu linabaki mahali pake. Fundi anaweza hata kuichomoa gurudumu likiwa chini.

Kwenye pickup nyingi ndogo, shafti inafanya kazi zote mbili, kuzungusha na kubeba. Huko, beringi iliyochakaa au shafti iliyopinda ni hatari ya kupoteza gurudumu, si hatari ya kukwama tu. Magari madogo kama Toyota IST nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, na hayahusiki na ponti ya aina hii.

Dalili ni zile zile Marekani na hapa. Mafuta yanayolowesha upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Mngurumo unaobadilika mguu ukiondoka kwenye mafuta. Mgongo mzito wa chuma, kama kitu kinachogonga, gia ikiingizwa. Gurudumu linalocheza likitikiswa kwa mikono gari likiwa juu ya jeki. Na mafuta ya ponti yakimwagwa, vipande vya chuma vyenye kung'aa vinavyoonekana kwenye karai.

Wako wanaochomelea diferensiali ya gari la kazi ili lipite kwenye matope. Linapita kweli. Lakini likirudi kwenye lami, kila kona inazisokota shafti ambazo hazikutengenezwa kwa mateso hayo, tena gari likiwa na abiria nyuma. Kwenye uwanja wa dragi, mwenye gari la namna hiyo hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Barabarani ukaguzi huo unabaki kwa dereva na fundi wake, na mahali pa kuanzia ni chini ya gari, kabla ya safari, kwa tochi na kitambaa cha kufutia mafuta.